Macho ya Kuazima

Wazee wa Pangani, mji niliozaliwa, walipomwona kijana akifunga mzigo hawakumwuliza kwanza aendako, bali walimwuliza yu na nani. Na aghalabu walikusudia mambo ya dhahiri, kama vile nani atakayemwuguza akishikwa na homa ugenini, nani atakayemlindia mkoba akisinzia, na nani atakayeleta habari nyumbani iwapo ajali itatangulia. Swali hilo lina upande wa pili ambao wazee hawakunifundisha, nami niliupata njiani, katika safari ya kutoka Dar es Salaam hadi ufuko wa Ziwa Nyasa, mwanzoni mwa miaka ya themanini, siku zile ambazo sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ilikuwa ya kujuana, na mtu aliyekuwa na pipa la petroli uani mwake alihesabiwa miongoni mwa matajiri.

Gari lilikuwa Land Rover ya zamani, mali ya fundi mmoja wa Gerezani aliyeinunua mnadani ikiwa mzoga na kuifufua kwa vipuri vya kila asili, hata mwenyewe akawa hakumbuki tena kipi kilitoka wapi. Pamoja naye alikuwapo mwalimu wa historia, mtu wa Iringa, mrefu na mkimya, aliyekuwa na ada ya kuvuta pumzi kabla ya kutaja tarehe yoyote. Na bwana miti, mtumishi wa idara ya misitu, ambaye ndiye aliyekuwa na shughuli ya kikazi Mufindi, nasi wengine tukaidandia shughuli yake. Mimi nilikuwa karani wa mizani bandarini, na mchango wangu, kwa kadiri nilivyouona siku hiyo, ulikuwa dele la kahawa, vikombe vyake, na halua ya kutosha hadi Mbeya. Masahibu hawa tulijuana barazani, kwa bao na kwa maneno ya jioni, wala hapana aliyemchagua mwenzake kwa ajili ya alichokijua. Hilo nalisema mapema kwa sababu watu wengi, wakitaka kusafiri kwa raha, huwatafuta walio mfano wao, wenye kazi moja, umri mmoja na utani mmoja. Nami sioni shaka kwamba hapo ndipo wanapojinyima.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Chalinze tulikunywa chai, na jua lilipokuwa limepanda kidogo Milima ya Uluguru ikajitokeza mbele yetu, imefungwa kilemba cha mawingu, ya samawati chini na nyeusi juu, nami nikafanya kama afanyavyo kila mtu wa pwani aionapo milima ile, nikasema, “Subhanallah,” na kudhani kwamba haki yake nimekwisha kuitimiza. Bwana miti akageuka, akanionyesha kikombe nilichokuwa nimekishika.

“Sheikh,” akasema, “maji ya kahawa hiyo yametoka kule juu.”

Kisha akatufafanulia, kwa utaratibu wa mtu asiyekuwa na haraka ya kusifiwa, jinsi upepo unaotoka baharini na unyevu wake unavyougonga ubavu wa mashariki wa milima hiyo, ukalazimika kupanda, ukapoa, ukamwaga ulichobeba; jinsi msitu wa juu unavyokamua ukungu hata siku ambazo mvua hainyeshi, matone yakishuka kutoka kwenye kuvumwani na majani; na jinsi vijito vyote vile vinavyokusanyika kuwa Mto Ruvu, ambao ndio uliokuwa ukiinywesha Dar es Salaam karibu yote. Nilikuwa nimefungua bomba la maji kila siku ya maisha yangu ya mjini bila ya kujua kwamba nafungua mlima. Tangu hapo, kila ninaposikia kwamba mtu fulani amekata mti Mgeta, mimi huutazama mtungi wangu.

Mikumi nitaipita upesi, maana wanyama wake wameandikwa na watu hodari kuliko mimi, na barabara inaikata hifadhi ile kwa kiasi cha kilomita hamsini hata asiyetaka kuwaona tembo hulazimika kuwaona. Ninalolikumbuka zaidi lilitokea baada ya hapo. Tulikuwa tukizunguka kona, fundi akapunguza mwendo bila ya sababu niliyoweza kuiona, na nilipomwuliza akanyoosha kidole: katikati ya lami palikuwa pamelazwa tawi bichi la mti, na hatua chache mbele tawi jingine, na la tatu. “Mbele kuna lori limekwama,” akasema. Na kweli, upande wa pili wa kona lilikuwako lori lenye trela, limelala ekseli chini, utingo wake ameketi kivulini anakula muhindi. Fundi alitazama majani ya lile tawi, akatuambia kwamba limekatwa tangu jana, kwa kuwa yameanza kujikunja, na kwa hiyo wale watu wamelala pale na huenda hawana maji. Tulisimama, tukawapa. Barabara nzima, kwake yeye, ilikuwa imeandikwa: jiwe kubwa lililoachwa kandokando lilimwambia kwamba gari lilizuiwa gurudumu hapo na dereva hakuwa na adabu ya kuliondoa, doa la mafuta lilimwambia urefu wa muda ambao gari lilisimama, mikwaruzo myeupe kwenye kingo za daraja ilimwambia kama aliyepita alikuwa amesinzia au amefunga breki. Nami nilikuwa nikiangalia vilima.

Baadaye tuliingia bonde la Mto Ruaha Mkuu, penye mibuyu, na hapo joto lilitushika kama kwamba tumerudi pwani bila ya bahari. Mibuyu ya pale haisemeki. Imesimama kwa maelfu juu ya miteremko ya mawe, bila ya jani, mingine minene hata watu kumi wakishikana mikono wasingeizunguka, na gome lake ni la kijivu chenye wekundu ambao alasiri hugeuka kuwa shaba. Bwana miti akasema kwamba ukame ule na misitu mibichi ya Udzungwa iliyo upande wa pili ni habari moja: milima huzuia mvua inayotoka mashariki, ikaulisha upande ule na kuukausha upande huu. Akatutajia pia kwamba mwaka 1979 huko Sanje alitambuliwa kima ambaye wataalamu hawakumjua kabla ya hapo, ilhali wenyeji walikuwa wakimjua siku zote kwa mlio wake. Na milima hiyo, ambayo wakati tunapita ilikuwa bado haijawa hifadhi ya taifa, ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1992.

Ruaha Mbuyuni ndipo nilipopata na mimi la kusema. Vitunguu vilikuwa vimerundikwa kando ya barabara, vyekundu, vinang'aa, na magunia yamejazwa mpaka mdomoni kisha yakashonewa juu yake kofia ya wavu iliyojaa vitunguu vingine, ile iitwayo lumbesa. Wenzangu waliona rangi. Mimi niliona uzito. Nikawaeleza kwamba gunia lile limeuzwa kwa jina la gunia moja, na kwamba kile kilichozidi juu ya mdomo ni jasho la mkulima lisilolipwa, na kwamba laiti kungekuwa na mizani moja ya haki pale kijijini bei ya kitunguu ingesomwa kwa kilo na dhuluma hiyo ingekufa kwa siku moja. Nilisema kwa hamasa. Fundi akaniambia kwamba hajapata kunisikia nikizungumza kitu kirefu hivyo tangu tujuane.

Mlima Kitonga tuliupanda jua likiwa linateremka. Barabara pale imechongwa katika ubavu wa jabali, ukuta wa mawe mkono mmoja na korongo mkono wa pili, na malori yaliyokuwa yakipeleka shehena Zambia yalipanda kwa gia ya kwanza, polepole kiasi kwamba utingo waliteremka na kutembea kwa miguu kando yake, kila mmoja ameshika kigingi tayari kukitupa nyuma ya gurudumu. Harufu ya breki za yale yanayoshuka ilijaa hewani, kali, ya kuunguza koo. Fundi alikuwa amezima redio. Hakutazama korongo hata mara moja, na alipotuona tunajipenyeza dirishani kulistaajabia akatuomba, kwa heshima, tunyamaze. Alikuwa akiisikiliza injini, na kwa mujibu wa maneno yake mwenyewe injini inayopanda Kitonga husema ukweli ambao katika tambarare huuficha. Tulipofika juu upepo wa baridi ulitupiga usoni, akasimama, akafungua boneti, akaketi juu ya jiwe akacheka peke yake. Hapo ndipo na yeye alipolitazama korongo, na alilitazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

Kutoka Ilula hadi Iringa si mbali, lakini mwalimu alituomba tusimame Lugalo. Pana mnara pale, mnara mdogo usiomshughulisha mpita njia, na mawe, na nyasi, na miti michache; lau ningepita peke yangu nisingepunguza mwendo. Mwalimu alivuta pumzi. Tarehe 17 Agosti 1891, akasema, msafara wa Wajerumani ulipita hapa katika mstari mrefu, askari na wapagazi na punda na mizinga, wakiwa hawana habari kwamba jeshi la Mtwa Mkwawa wa Wahehe limelala ndani ya nyasi na nyuma ya mawe haya haya, mikuki mkononi. Na ishara ilipotolewa vita vyenyewe vilikwisha kwa dakika chache, wakaanguka Wazungu kumi na askari zaidi ya mia mbili, na kamanda wao akiwa mmoja wa waliouawa. Akatuonyesha jinsi ardhi inavyoinuka kidogo kisha ikabonyea, ili tuone mtu mzima anavyoweza kulala hatua tano kutoka njiani asionekane. Tulilala chini, watu wazima na heshima zetu, mmoja baada ya mwingine, tukahakikisha.

“Na kamanda huyo jina lake nani?” nikamwuliza.

“Emil von Zelewski. Wenyeji walimwita Nyundo.”

Damu yangu ilisimama. Jina hilo nilikuwa nalo tangu utotoni, ila kwetu haliishii Lugalo, bali linaanzia Pangani. Mwezi Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kuushika utawala wa mrima kwa mapatano yake na Sultani wa Unguja, mtu huyu ndiye aliyekuwa wakala wake Pangani. Naye ndiye aliyegombana na Liwali kwa habari ya bendera, akaleta askari wa manowari wakashuka mjini, na wazee wetu walisimulia, kwa sauti ambayo haikuwahi kupoa, jinsi walivyoingia msikitini pamoja na mbwa. Hasira ya siku hizo ndiyo iliyowakusanya watu nyuma ya Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa papo hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Nikayasema hayo yote nikiwa bado nimeketi katika nyasi za Lugalo, na mwalimu, ambaye alikuwa akiisomesha vita ile mwaka baada ya mwaka na kuijua kwa idadi ya bunduki zake, aliniangalia kwa mshangao.

“Ndugu yangu,” akasema, “mimi nilikuwa na nusu.”

Nami nilikuwa na nusu nyingine, tena nusu ambayo nilikuwa nimeihesabu kuwa hikaya ya bibi na babu, kitu cha kupitishia jioni. Katika mji wetu hakuna aliyetuambia kwamba yule mtu alikwenda zake bara akakutana na Wahehe. Na huko Iringa watoto hawakuambiwa alikotoka na alichokifanya kabla ya kufika. Zile kilomita baina ya miji miwili zilitosha kuikata habari moja kuwa mbili. Usiku ule Iringa, katika nyumba ya ndugu wa mwalimu, tulikunywa kahawa mpaka dele likakauka, na mzee mmoja wa pale, aliyekuwapo mwaka 1954 fuvu la Mkwawa liliporudishwa kutoka Ujerumani, alinitaka nimsimulie habari ya msikiti na mbwa tena na tena, kila mara akigonga goti lake.

Isimila tuliipita asubuhi: nguzo za udongo zilizosimama korongoni, kazi ya maji na upepo, na chini yake zana za mawe zilizotumiwa na watu zaidi ya miaka laki mbili iliyopita, ambazo mwaka 1951 mwanafunzi mmoja mpita njia ndiye aliyezitambua. Mlinzi alituruhusu tushike shoka moja. Lilikuwa zito, nami nikalikisia kwa mkono, kwa mazoea, na kuona kwamba aliyelichonga alijua habari ya uzani.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na katika miaka ile ya dhiki ya mafuta magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Kwa hiyo tulipofika Sao Hill, karibu na Mafinga, tulilazimika kusimamisha safari mpaka kesho yake. Naliona katazo hilo kuwa neema iliyokuja na sura ya adha. Misonobari ya pale imepandwa na binadamu, mstari kwa mstari, vilima baada ya vilima, mahali ambapo zamani palikuwa majani matupu, na asili ya iliyo mingi ni nchi ya Meksiko. Mimi nilisema ni msitu mzuri. Bwana miti akasema ni shamba, si msitu, na akatutaka tusikilize: tulisimama kimya na hatukusikia ndege hata mmoja. Hakusema hayo kwa kuikejeli kazi yake, maana mbao za nchi hazina budi kutoka mahali, na kila ubao unaotoka shambani ni mti mmoja uliosalimika Udzungwa. Kisha akapiga magoti, akafukua kwa vidole vyake chini ya majani makavu kama sindano, akainua konzi ya udongo mweusi uliofumwa kwa nyuzi nyeupe, nyembamba mno. Ni kuvu, akasema. Pasipo kuvu huo, msonobari hudumaa, na hapo mwanzo miche ilikuwa ikifia vitaluni bila ya watu kujua kwa nini, mpaka walipojifunza kuchukua udongo wa shamba la kale na kuupeleka kwenye kitalu kipya. Aliushika udongo ule muda mrefu, akaurudisha ulipotoka, akaufunika.

Njia ya baada ya hapo sitaieleza yote. Makambako kulikuwa na upepo, Mbeya kulikuwa na foleni ya petroli iliyotuchukua mchana kutwa. Uyole tuliiacha barabara kuu, tukaingia nchi ya Wanyakyusa, na hapo rangi ya dunia ikabadilika, maana Tukuyu mvua hunyesha karibu mwaka mzima, udongo wake ni wa majivu ya volkeno, na mgomba, mchai na mkahawa hubanana mpaka mlangoni mwa nyumba. Mto Kiwira tuliuona unapita chini ya daraja ambalo hakuna mhandisi aliyelijenga: volkeno ilimimina mawe yaliyoyeyuka juu ya mto, yakapoa, maji yakajitafutia tundu. Watu wa pale wanaliita Daraja la Mungu, na fundi, aliyelikagua kwa dakika nyingi akitafuta nyufa, alikiri kwamba jina ni la haki.

Matema ndiko tulikokomea. Milima ya Livingstone inashuka pale moja kwa moja mpaka majini, na maji yake ni maangavu hata kokoto huhesabika. Lakini hapo elimu ya masahibu wangu ilikwisha: mwalimu hakuwa na tarehe, bwana miti alikuwa mgeni wa mimea ya ufukweni, na sisi sote tungeishia kusifu na kulala, kama tusingefika gulioni, mahali ambapo wanawake wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Vyungu hivyo hufinyangwa kwa mikono, bila ya gurudumu, vyembamba na vyepesi kuliko nilivyopata kuviona popote. Mama mmoja wa makamo aliniona nikikichagua kimoja kwa kukipima uzito mkononi.

“Hapana, baba,” akasema. “Hicho kimeungua vibaya. Kigonge.”

Nikakigonga, nikasikia mlio wa chungu. Akakigonga yeye kwa kifundo cha kidole, kisha akagonga cha pili, na sauti ya pili ilikwenda mbali zaidi. Mimi bado sikuwa na yakini. Lakini fundi alikwisha kuchutama kando yake, ameshika chungu kwa ncha za vidole, akikigonga na kuinamisha sikio. Akamwambia, “Mama, na mimi silinda hedi naipima hivi hivi, iliyo nzima hulia, yenye ufa hunyamaza.” Yule mama hakujua silinda hedi ni nini, wala hakuuliza. Alimsogezea vyungu vingine, vyake na vya jirani zake, na watu wawili wale wakaketi mchangani wakigonga na kusikilizana, huyu akitenga kulia na yule akitenga kushoto, na walipolinganisha hawakuwa wamepishana ila kwa chungu kimoja, ambacho waligombea kwa furaha mpaka gulio likavunjika.

Miaka mingi baadaye niliipita tena barabara ile kwa gari la ofisi, pamoja na makarani na wahasibu wenzangu, tukienda semina Mbeya, na tulipopita Morogoro nilikuwa nimekwisha kujua viwango vya posho vya idara tatu na fitina za ya nne. Sikuwalaumu, hapana aliyewauliza kitu kingine. Tulipoteremka bonde la Ruaha nikaanza, kwa mazoea, hotuba yangu ya lumbesa, na mhasibu mmoja aliyekuwa amefumba macho tangu Mikumi akayafumbua, akasema kwamba yeye ni mtoto wa Ilula, mamaye alimsomesha kwa vitunguu, na kwamba mizani yangu ingeletwa kijijini kwao siku zile wangeipitia mbali. Ushuru wa mazao, akasema, ulitozwa kwa gunia na nauli ya lori ilitozwa kwa gunia; mfanyabiashara aliyekataliwa lumbesa alikwenda kwa jirani, na kitunguu hakikai kungoja haki. Kisha akatueleza kuanzia mbegu, kitalu, kupandikiza, maji ya mfereji na zamu zake za usiku, na jinsi mamaye alivyoshona ile kofia kwa namna yake mwenyewe, wavu ukaonekana umejaa ilhali katikati yake pana nafasi. Dereva akapunguza mwendo ili asikie. Posho haikutajwa tena mpaka Makambako.